Kiapo cha Mfalme wa Bonde

Landless, Thika
4 Juni 1995

Jirani yangu Barasa,

Chumba chako kimepata mpangaji mwingine, mtu wa kukohoa. Miaka mitatu nilizoea kugonga ukuta nikakusikia ukijibu. Juzi niligonga kwa mazoea, yule bwana akatoka nje mbio akidhani ploti inaungua. Habari za Mwiki? Habari za hicho kiwanda cha kahawa kilichokunyakua?

Mimi mzima ila sina raha, na sababu nakupa leo. Ile posa imekwenda. Mjomba wangu alienda kwa Uthman kumwomba Khamisa kwa ajili yangu. Unajua baba yao alishafariki, kwa hiyo Uthman ndiye walii, neno ni lake. Alijibu nini? Alimwambia mjomba, "Huyo kijana namuona kila Jumamosi kwenye ubao. Wacha tumalize huu mchezo kwanza, halafu tutaongea." Mjomba alicheka. Mimi sikucheka. Uthman ananipima, Barasa. Nikisogeza askari, macho yake hayako kwa askari, yako kwangu.

Unakumbuka siku alipolitoa lile sanduku la mchezo ndani ya beli la mitumba, tukabaki kuduwaa kwa ile picha ya wanaume waliovaa sufuria mwili mzima? Sheria zake zilikuwa kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua, tukatunga zetu. Sasa zile zetu zinanitesa. Jana Kagwe, msomaji wetu, alifungua maagizo yetu matatu, yako yakiwa yamefika kwa posta, akayasoma pamoja kama kawaida. Hali ni hii: Uthman, Mfalme wa Mto, ana farasi kumi na wawili. Wewe kule Mlimani unao watano. Mimi huku Bondeni ninao sita, na askari wangu wa miguu wamebaki vizibo viwili vya soda.

Sisi wawili tukipigana, atatunywa kama chai. Na mimi nikitolewa mapema nitaonekana mtu asiyeweza kulinda ngome ya karatasi, sembuse mke. Kwa hiyo nakupa neno: wallahi sitaivamia ngome yako ya Mlima, maadamu wewe hujaivamia yangu ya Bonde. Nipe lako upesi.

Wako,
Irshad


Mwiki, Ruiru
7 Juni 1995

Mheshimiwa Mfalme wa Bonde,

Hiyo ya ukuta nimeicheka mpaka wenzangu wakauliza ni barua ya msichana gani. Niko salama. Hapa kahawa ni ya kukoboa, si ya kunywa, na vumbi la maganda linaingia mpaka kwa soksi. Jumamosi tunafanya kazi hadi jioni, hivyo ubao nitaendelea kuucheza kwa stempu mpaka msimu uishe.

Neno langu unalo. Sitaivamia Bonde.

Lakini ndugu yangu, hizi wallahi zako! Tunasukumana na vizibo vya soda juu ya meza ya Uthman, na wewe tayari umemwita Mungu aje kushuhudia. Sisi kwetu Bungoma mtu akisema "sawa" na akakuangalia, imetosha. Ningekuwa karibu ningekuziba mdomo kabla hujamaliza sentensi.

Na swali moja. Unamtaka Khamisa, au unataka kumshinda kaka yake? Ukishika mawili, moja litaponyoka. Mimi nakuombea Khamisa. Nimewahi kuona unavyonyamaza akipita na kitambaa chake cha kushona, na wewe si mtu wa kunyamaza.

Maagizo yangu ya wiki hii nimemtumia Kagwe. Wote wakae ngomeni, wapumzike, wale ugali.

Barasa,
Mlimani


Landless, Thika
11 Juni 1995

Barasa,

Mambo yameharibika, na nakuandikia haraka, usiseme ni hati ya daktari.

Jana baada ya mchezo Uthman alinisindikiza mpaka barabarani. Hajawahi kunisindikiza. Akanishika bega, akasema, "Irshad, huyu Barasa wako amejifungia kule juu kama kuku anayeatamia. Mimi na wewe tukipanda pamoja, tunamtoa kwa siku moja. Mchezo unakwisha, na mambo mengine yanapata nafasi." Mambo mengine! Ni yapi hayo kama si posa? Akaniambia nimpe jibu kwa maagizo yangu, si kwa mdomo.

Umeona mtego? Nikimkatalia, nimemkatalia shemeji mtarajiwa kitu cha kwanza alichowahi kuniomba. Nikimkubalia, nimevunja kiapo. Na labda hicho ndicho anachokitazama, kama nitamuuza rafiki. Au labda anatazama kama nina akili ya kuchagua ukoo wake mbele ya jirani. Nimeligeuza pande zote, sioni pa kulishika. Leo kazini nimesuka nyaya za mota ya mtu kinyume, ikawa inazunguka kurudi nyuma. Bosi ameniuliza kama nina malaria.

Khamisa alikuwa nyuma ya pazia, cherehani inalia. Pale Uthman aliposimama kunisindikiza, cherehani ilinyamaza. Sijui hilo nalo lina maana gani. Niambie.

Irshad


Mwiki, Ruiru
14 Juni 1995

Irshad,

Lina maana kwamba uzi ulikatika. Tulia.

Sikiliza mkubwa wako kwa miezi minne. Nipige. Nakupa ruhusa kwa mkono wangu na sahihi yangu: panda na Uthman, choma Mlima, nitoe nje. Mimi sina dada wa Uthman ninayemngoja. Nikishindwa kwa ubao nitakula chakula kilekile na nitalala kitanda kilekile. Wewe una kitu cha kupoteza, tena kikubwa. Kiapo ulinipa mimi, na mimi nakurudishia. Basi, yameisha.

Usinijibu kwa hadithi. Andika maagizo, mpe Kagwe, uoe.

Barasa


Landless, Thika
16 Juni 1995

Barasa,

Siwezi.

Wewe unadhani kiapo ni sufuria uliyoazimwa, ukishairudisha tumemalizana. Sikukuapia wewe, nilimtaja Mungu. Nilisema sitakuvamia maadamu hujanivamia, na hujanivamia. Ruhusa yako ni ya kirafiki na nakushukuru, lakini si yako kuitoa. Najua utasema nimejifunga mwenyewe. Ndiyo, nimejifunga mwenyewe, na wa kunifungua hayuko.

Kesho hakuna mchezo, Uthman amekwenda Gatuanyaga kwa mazishi. Tutacheza Jumamosi ijayo, tarehe ishirini na nne, na jibu langu lazima liwe kwenye karatasi siku hiyo. Nina mpango wangu. Sikuambii, kwa sababu utaanza kunihubiria.

Kama nitamkosa Khamisa kwa ajili ya hili, nitaumia, sikufichi. Nitaumia vibaya sana.

Irshad


Mwiki, Ruiru
20 Juni 1995

Kagwe, wĩ mwega?

Maagizo yangu ya Jumamosi yako kwenye hii bahasha ndogo. Usiifungue mpaka wakati wake. Lakini wewe ndiwe msomaji wetu na huna upande, kwa hiyo sababu nakuambia, na nakuomba ibaki kwako.

Namtuma askari mmoja wa miguu, kile kizibo cha rangi ya machungwa, aishambulie ngome ya Irshad. Mmoja tu. Irshad ana farasi sita ndani, watamkanyaga askari wangu kabla hajagonga mlango. Irshad hataumia hata kidogo. Ila mimi nitakuwa nimevunja mapatano kwanza, na kiapo chake kitakuwa kimekwisha nguvu, maana aliapa hatanivamia maadamu sijamvamia. Wiki inayofuata anaweza kunipiga na Uthman bila dhambi, na posa yake iendelee.

Nilimwambia waziwazi anipige, akakataa. Nikimwambia na hili, atasema ni hila tumepanga na kiapo bado kipo. Unamjua kichwa chake. Kwa hiyo asijue. Akikasirika siku moja mbili, atapoa nikimweleza baada ya harusi, na tutacheka.

Soma kwa sauti ya kawaida, tafadhali, usianze kuguna.

Barasa


Landless, Thika
25 Juni 1995

Barasa,

Umefanya vizuri. Hongera.

Unataka kujua mpango wangu ulikuwa gani? Nilimkatalia Uthman. Nilikataa mbele ya walii wa mwanamke ninayemtaka, kwa ajili yako. Farasi wangu wote sita niliwatoa ngomeni nikawapeleka kwenye njia ya mlima wakae kati ya Uthman na wewe, ili akija, apite kwanza juu yangu. Vile vizibo vyangu viwili niliviweka darajani. Ngome yangu niliiacha tupu, haina hata paka, kwa sababu upande wa nyuma alikuwa rafiki yangu. Nani hufunga mlango unaoelekea kwa rafiki?

Kagwe akasoma karatasi yangu. Uthman akaniangalia sana. Kisha Kagwe akasoma yako. "Mfalme wa Mlima anatuma askari mmoja, aingie Bonde." Nilidhani Kagwe amekosea, nikamnyang'anya karatasi. Hati ni yako. Kizibo kimoja kikatembea mpaka ndani ya ngome yangu, hakuna wa kukizuia, na kwa sheria tulizotunga wenyewe mfalme akipoteza ngome ametoka. Kagwe akasema, "Ngai, Irshad, umeisha!" Nimetolewa na kizibo cha soda. Uthman akaanza kucheka, na nyuma ya pazia nikasikia mtu mwingine akicheka pia.

Nilipindua ubao. Nakuambia mwenyewe kabla hujaambiwa. Vizibo vilitawanyika mpaka chini ya pazia. Na nilisema mbele ya wote, na hapa nakuandikia, kwamba kafiri ni kafiri tu, hata ule naye sahani moja miaka mitatu.

Wallahi sitasema nawe tena, wala sitakuandikia barua nyingine baada ya hii. Usinijibu.

Irshad Faki


Sokoni, Thika
2 Julai 1995

Bwana Barasa,

Salamu kutoka kwangu na kutoka nyumbani. Utashangaa kuona hati yangu, maana mimi na wewe tumeandikiana maagizo ya farasi tu.

Jumamosi ya tarehe ishirini na nne umeshaisikia, najua. Watu wa Landless wanasema kwamba nilikuwa nampima Irshad kwa ubao. Haki ya Mungu, sikuwa nampima mtu. Nilitaka kushinda. Nina farasi kumi na wawili, nifanye nini nao, niwachunge? Kumwambia mjomba wake tumalize mchezo kwanza ilikuwa njia yangu ya kupata nafasi, kwa sababu Khamisa alikuwa hajaniambia ndiyo wala la, na mimi simpi dada yangu mtu kwa nguvu.

Lakini aliyoyafanya yeye mwenyewe siku ile nimeyaona. Sikujali ubao. Nilisikia neno alilokuita, na nilisikia kiapo. Wewe unamjua dada yetu mkubwa, Ikhlas. Mumewe alikuwa mtu mwema, mkarimu, anaswali. Siku moja walibishana juu ya mgeni aliyekuja bila taarifa, akatamka talaka kwa hasira, zote tatu kwa pumzi moja. Kesho yake alikuwa analia mlangoni petu, lakini neno lilikuwa limeshatoka na yeye mwenyewe akasema halirudi. Ikhlas yuko kwangu mpaka leo na watoto wake. Kwa hiyo nikimsikia kijana anaapa kwa kizibo cha soda, mimi sicheki tena.

Kwetu mtu akiposa, huulizwa majirani zake. Na jirani akiulizwa hana ruhusa ya kuficha aibu wala kuitunga. Nimeuliza watu sita, wote wamemsifu. Khamisa ndiye aliyeniambia, "Hao watamsifu tu. Muulize yule aliyetukanwa."

Basi nakuuliza. Umekaa naye ukuta kwa ukuta. Akikasirika anakuwaje? Ukiniambia nisimpe, sitampa.

Uthman


Mwiki, Ruiru
6 Julai 1995

Kaka Uthman,

Barua yako nimekaa nayo siku mbili. Ungeniuliza mwezi uliopita ningekuandikia sifa kurasa nne na kuongeza chumvi. Sasa nimetukanwa dini yangu mbele ya watu na mtu niliyemuuguza na homa ya matumbo, na nimeumia. Nilianza barua ya kukwambia usimpe. Nikaichana. Nikaanza ya kukwambia umpe, nayo nikaichana. Hii ndiyo ya tatu, na ina ukweli mtupu.

Kwanza, ile ya kizibo. Sikumsaliti. Muulize Kagwe, ana barua yangu, na mwambie nimemruhusu akuonyeshe. Nilitaka kumfungua kiapo ili aweze kuungana na wewe, apate anachotafuta. Sikujua ameacha ngome wazi kwa ajili yangu. Tulikuwa tunasaidiana, kila mtu gizani kwake, tukagongana vichwa. Lakini nakuomba Irshad asiambiwe, na sababu utaiona mbele.

Pili, uliloniuliza. Akikasirika hapigi mtu. Miaka mitatu sijamuona akimwinulia mkono hata mbwa. Anaapa. Na shida ya Irshad si kwamba anavunja viapo, shida ni kwamba anavitimiza. Mwaka juzi aligombana na mwenye ploti kuhusu stima. Akaapa hatawasha taa kwenye chumba kile mpaka yule mzee amwombe radhi. Mzee hakuomba. Kaka, fundi wa stima alikaa na koroboi msimu mzima wa mvua! Mchana anawashia wenzake mataa, jioni anapapasa ukuta kutafuta kiberiti. Nilimsihi, nikamcheka, nikamnunia. Alikuwa anajua ni ujinga, aliniambia mwenyewe ni ujinga, na bado hakugusa swichi. Giza lilikwisha siku mzee alipouza ploti.

Kwa hiyo ukiniuliza kama siku moja atamtamkia Khamisa neno baya, jibu ni kwamba anaweza. Ukiniuliza kama kesho yake atajuta, atajuta. Lakini kama atarudi, hilo silijui. Sijawahi kumuona akirudi.

Sasa ameapa hataniandikia. Wewe ngoja mpaka mwisho wa mwezi huu. Msimwambie lolote, si kuhusu kizibo, si kuhusu barua hii. Nami sitamwandikia. Akiambiwa kwamba sikuwa na kosa, atakuja kwa aibu, na aibu si kitu cha kujengea nyumba. Nataka nione kama anaweza kukimeza kiapo chake akidhani bado mimi ndiye mbaya. Akiniandikia, nitakujulisha siku hiyo hiyo. Asipoandika, usimpe dada yako. Nasema hivyo nikiwa rafiki yake, na mkono umekuwa mzito kuliandika.

Barasa


Landless, Thika
19 Julai 1995

Barasa,

Ukitaka kuichana hii bila kuisoma, haki unayo. Lakini soma kwanza halafu uchane.

Nimevunja kiapo. Nilikwenda kwa maalim baada ya swala ya alasiri, nikamwambia nimeapa kutosema na mtu na sasa chumba kimenishinda kukaa. Yule mpangaji akikohoa naona kama unanijibu. Maalim akaniuliza, "Mwaka huu umeapa mara ngapi?" Nikaanza kuhesabu, nikaacha. Akasema ukiapa jambo halafu ukaona lingine bora, fanya lililo bora na utoe kafara. Nikamuuliza kama hiyo si kurudi nyuma. Akaniambia, "Kwani huko mbele uendako kuna nini?"

Kafara ni kulisha maskini kumi. Nikapika ugali na maharagwe pale karakana, nikawaita watu wa mkokoteni. Mmoja akashiba, akauliza sherehe ni ya nini. Nikamwambia nimekosana na rafiki yangu. Akasema, "Wee, ukikosana na mwingine utuite."

Sijui kwa nini ulinivamia. Nimefikiria sana. Mtu anayetaka kuua hatumi askari mmoja, na wewe unajua kuhesabu. Lakini sikuandikii kwa sababu nimegundua huna hatia. Sijagundua kitu. Naandika hata kama ulifanya kwa ubaya. Bado nina hasira, ukiwa hapa tungebishana mpaka sauti zikauke. Lakini lile neno nililokuita halikuwa la ubao. Lilikuwa la kukuumiza, na nililichagua kwa sababu nilijua litaumiza. Nisamehe kwa hilo. Mengine tutagombana tukionana.

Ya Khamisa naona yamekwisha. Uthman ananisalimia kwa kichwa tu, na mjomba ameniambia nitafute kwingine. Sitaki kwingine. Nilimpenda, Barasa, na nilipindua meza nyumbani kwao huku akisikiliza. Ukiona mtu amejifungia nje mwenyewe na ufunguo ameutupa ndani, huyo ni mimi.

Nijibu, hata kama ni tusi.

Irshad


Mwiki, Ruiru
21 Julai 1995

Kaka Uthman,

Ameandika.

Sikutumii barua yake, ni yangu. Lakini nakuambia yaliyomo: hajui kitu, bado ana hasira na mimi, na amelisha watu kumi ugali ili apate ruhusa ya kuniomba msamaha. Kazini wameniuliza kwa nini macho ni mekundu, nimesingizia vumbi la kahawa.

Niliyokuandikia mwanzo sifuti hata moja. Mdomo anao na utawasumbua. Ila lile nililosema sijawahi kuliona, sasa nimeliona. Ungeniuliza tena leo, ningesema mpe. Lakini usimpe kwa neno langu. Msomee Khamisa barua zangu zote mbili, ya kwanza yote, bila kuruka ile ya giza, halafu yeye ndiye aseme.

Nimemjibu Irshad kwa mstari mmoja tu: nitakuja Thika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nimeomba ruhusa, na anitafutie pa kulala.

Barasa


Landless, Thika
30 Julai 1995

Kwa Irshad,

Usishtuke kuona jina langu. Kaka anajua ninaandika, yuko hapa anajifanya anakunja mashati.

Siku ile hukunisikia nikikucheka wewe. Nilicheka kwa sababu nilikuwa nimesikia umetoa farasi wako wote kumlinda rafiki, halafu Kagwe akasoma ya pili, na nikaelewa palepale kwamba na yeye amekufanyia jambo. Hakuna mtu anayetuma kizibo kimoja vitani. Mkiwa mezani hamuoni, mmeinama mno. Nilikuwa tayari kufungua pazia niwaambie. Ukapindua meza.

Kwa hiyo nikukate kiu: Barasa alikuvamia ili kiapo chako kife bila dhambi, upate kuungana na kaka, unipate mimi. Alimwandikia Kagwe kabla. Jana mlipokaa hapo nje mkigombana mpaka majirani wakatoka, najua hakukuambia, kwa sababu alipofika alituomba sisi ndio tukuambie. Alitaka kwanza umsamehe akiwa mbaya. Umemsamehe akiwa mbaya. Sasa unaweza kwenda kumshukuru.

Nimesomewa barua zake, pamoja na ile ya koroboi. Ilinitisha, sikufichi. Nimelala chumba kimoja na Ikhlas miaka minne, na najua neno la mtu mwema linaweza kufanya nini. Kaka aliniuliza mara tatu kama nina hakika. Mara mbili nilisema sijui. Kilichonigeuza si huruma. Ni kwamba yule shemeji yetu alilia mlangoni na hakufanya lolote lingine. Wewe ulikwenda kuuliza njia ya kurudi, ukapika, ukaita watu.

Nimekubali. Mjomba wako aje Ijumaa.

Siku ya akdi, ndoa ikifungwa, utaulizwa mbele ya watu, na utajibu neno moja. Hilo liwe la mwisho la namna hiyo nyumbani kwangu. Baada ya hapo ukikasirika, sema umekasirika. Usimwite Mungu, mimi niko hapo hapo, nitasikia.

Khamisa